Bomba lapita uani kwangu, uchafu si wangu: nani alipe?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Upanga hapa Dar es Salaam, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba. Zamani ilikuwa nyumba ya Serikali. Baba aliuziwa mwaka 2003, kipindi kile watumishi wengi walipouziwa nyumba walizokuwa wakiishi. Zilikuwa nyumba tatu zimefuatana kutoka nyuma kuja barabarani: ya nyuma, ya kwetu katikati, na ya mbele anayokaa sasa mama mmoja mjane. Vyoo vya nyumba zote tatu vinamwaga kwenye laini moja. Inaanzia nyuma, inapita uani kwetu, inapita kwa mama wa mbele, ndipo inaingia kwenye chemba kubwa ya barabarani.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua hata kwamba laini ipo. Kisha aliyenunua nyumba ya nyuma akaibomoa na kusimamisha ghorofa nne, fleti nane, kila fleti vyoo viwili. Tangu wapangaji waingie, chemba ya uani kwangu inafurika. Mwanzoni ilikuwa mara mojamoja. Sasa hivi mvua ikinyesha mfuniko unaelea, na uchafu unapita mbele ya mlango wa jikoni kama mfereji. Watoto nimewapiga marufuku kutoka nje kwa mlango wa nyuma. Wageni siwakaribishi tena.

Nimeita vijana wa kuzibua, wamekuja na waya na fito, wanazibua leo, wiki ijayo yaleyale. Nimeita gari la kunyonya. Mwishowe nikapiga simu mamlaka ya maji. Mafundi wakaja, wakafunua chemba ya barabarani wakaikuta safi. Wakafunua ya mama wa mbele, kavu. Wakaniambia kizuizi kiko kati ya chemba yangu na yake, ndani ya viwanja vyetu, kwa hiyo kazi hiyo ni yetu wenyewe. Nikawauliza, mbona kwenye bili ya maji nakatwa pesa ya majitaka kila mwezi? Wakasema hiyo ni ya laini kubwa.

Fundi wangu amechimba sehemu moja akakuta bomba la zamani limebonyea na mizizi ya mwarobaini imejaa ndani. Anataka kulaza bomba jipya la inchi sita, kazi nzima shilingi 2,700,000. Mimi nikagawa kwa tatu, nikaenda kwa majirani kuomba kila mmoja atoe laki tisa. Jirani wa nyuma akanijibu: "Bomba liko uwanjani kwako, kwa hiyo ni lako. Kama ni msaada nitakupa laki mbili." Mama wa mbele akasema hana pesa, na kwake hakujawahi kufurika hata siku moja. Nilimjibu vibaya, na tangu siku hiyo tunapishana getini bila salamu.

Mdogo wangu wa kiume amechoka. Anasema tuzibe kwa zege pale bomba la ghorofa linapoingia kwenye chemba yangu, uchafu uwarudie wenyewe. Mifuko miwili ya saruji iko stoo tayari.

Naomba unisaidie: hili bomba ni la nani? Nani anapaswa kulipa? Na nikiliziba, nina kosa?

Wako,
Mwenye ua uliofurika, Upanga

N.B. Nina mpangaji kwenye chumba cha uani, ana choo chake. Anataka nimpunguzie kodi kwa sababu ya harufu. Ana haki?

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na saruji, maana hiyo ndiyo yenye haraka. Mwambie mdogo wako aitafutie kazi nyingine, hata kukarabati ngazi. Leo hii wewe ndiye uliyeonewa; siku mtakayomwaga zege mle ndani mtakuwa ninyi ndio mliosababisha kinyesi kufurika kwenye nyumba ya familia nane. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya mamlaka ya kumwandikia notisi mtu anayesababisha kero ya aina hiyo na kumfikisha mbele ya sheria asipoiondoa. Haitamsaidia mtu kusema "na yeye alianza". Halafu maji hayana adabu: yakizuiwa penye zege yatatokea kwenye kiungo chochote kilicholegea chini ya ardhi, na ardhi yenyewe ni ya uani kwako, karibu na msingi wako.

Sasa swali lako kubwa. Bomba ni la nani?

Watu wengi hulijibu kwa kuangalia ardhi, kama alivyofanya jirani yako wa nyuma: liko kwako, ni lako. Wengine hulijibu kwa kuangalia bili, kama ulivyofanya wewe: nalipia majitaka, kwa hiyo ni la mamlaka. Nyote wawili mmekosea, ila yeye kakosea kwa faida yake.

Mtandao wa umma unamilikiwa na kutunzwa na mamlaka ya maji. Kwa jiji lako hiyo ni DAWASA, ambayo tangu mwaka 2018 imeunganishwa na ile DAWASCO iliyokuwa ikiendesha huduma. Kwa lugha ya mtaani, mtandao huo ni laini kubwa za barabarani na chemba zake, vituo vya kusukuma, na huko mwisho yanakopelekwa majitaka: bomba la baharini kwa upande wa katikati ya jiji, na mabwawa kama ya Vingunguti, Buguruni, Kurasini, Mikocheni na Lugalo kwa maeneo mengine. Ile pesa unayokatwa kwenye bili inafanya kazi huko. Inalipia safari ya uchafu wako kuanzia unapoingia kwenye laini kubwa. Mabomba yanayotoka chooni kwako hadi yanapoungana na laini hiyo kubwa ni ya wenye nyumba, na matengenezo yake ni yao. Kwa hiyo wale mafundi waliokuambia kazi ni yenu hawakukukwepa. Walifanya kitu ambacho vijana wako wa kuzibua hawakukifanya: walifuata laini chemba kwa chemba hadi wakajua kizuizi kiko wapi. Chemba iliyojaa na inayofuata kavu, ugonjwa uko katikati yake. Walikufanyia uchunguzi bure.

Lakini omba karatasi. Nenda ofisi ya mamlaka inayohudumia eneo lako, omba wakuoneshe kwenye ramani ya mtandao mahali laini ya umma inapoanzia kwenu. Kuna mitaa ambayo laini inayodhaniwa ya watu binafsi imechorwa kwenye ramani kuwa ya mamlaka, hasa zile zinazopita nyuma ya nyumba. Ukikuta hivyo, ugomvi wenu umekwisha: kazi ni ya mamlaka, na ikichelewa unapeleka malalamiko kwa maandishi kwao kwanza, kisha EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Kuna pia baraza la watumiaji la EWURA CCC linalosaidia wananchi kuandaa malalamiko bila malipo. Ila kwa maelezo uliyonipa, mimi nadhani ramani itasema walichosema mafundi.

Sasa kwa nini laini moja inapita viwanja vitatu? Jibu uliliandika mwenyewe kwenye mstari wa tatu. Nyumba zilikuwa za Serikali. Mwenye mali alikuwa mmoja, kwa hiyo mjenzi alilaza bomba moja, lililo fupi na rahisi, na hapakuwa na haja ya kuuliza nani atatengeneza kipande gani. Uuzaji ulipokuja, nyumba ziligawanywa kwa hati tatu. Bomba halikugawanywa. Kila mmoja wenu alipewa karatasi ya kiwanja chake, na nina hakika hakuna hata moja kati ya hizo iliyoandikwa kwamba uchafu wa wa nyuma utapita kwa wa katikati, na wa katikati kwa wa mbele. Mliuziwa nyumba tatu na mgogoro mmoja. Wakala wa Majengo, TBA, ndio waliosimamia mauzo yale. Ukiwaandikia kuomba nakala ya michoro ya asili ya nyumba zenu, barua moja haikugharimu kitu, na mchoro unaoonesha laini ya pamoja utakuwa shahidi asiyepindishwa.

Ushahidi huo utauhitaji kwa sababu ya kauli ya jirani yako. Anaposema bomba ni lako kwa vile liko kwako, anasahau kwamba uchafu wake ndio unaopita. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu haki ya mwenye kiwanja kimoja kutumia ardhi ya mwenzake kwa kupita au kupitisha kitu kama bomba. Kwa kawaida ya haki hizo, anayefaidika na njia ndiye anayeitunza; mwenye ardhi kazi yake ni kutoizuia. Kwa hiyo hawezi kukushukuru kwa njia kisha akakuachia gharama. Ila tazama upande wa pili: na wewe unapita kwa mama wa mbele.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hesabu yako ya kugawa kwa tatu haikuwa ya haki.

Fikiria laini yenu kama vipande. Kipande cha kwanza, kutoka ghorofa hadi chemba yako, kinatumiwa na mtu mmoja tu: jirani wa nyuma. Cha pili, kutoka chemba yako hadi ya mama wa mbele, kinatumiwa na wawili, yeye na wewe. Cha tatu, kutoka kwa mama hadi barabarani, kinatumiwa na wote watatu. Kila kipande kilipiwe na wanaokitumia. Kizuizi chenu kiko kipande cha pili. Tone la maji ya mama yule halipiti hapo. Hadaiwi hata shilingi. Alipokuambia kwake hakujawahi kufurika hakuwa anakwepa, alikuwa anakueleza jambo ambalo mafundi walilithibitisha kwa macho. Nenda kamsalimie. Utamhitaji pia, maana kuchimba kutaishia kwake, na bila ruhusa yake fundi wako ataishia getini.

Basi mmebaki wawili. Mgawane vipi? Wako wanaosema nusu kwa nusu kwa sababu ni viwanja viwili. Mimi siipendi hesabu hiyo pale ambapo upande mmoja una familia moja na mwingine una nane. Hesabuni vyoo. Ghorofa lina kumi na sita. Wewe una kimoja cha ndani, kama nimekuelewa vizuri, na kimoja cha mpangaji. Jumla kumi na nane. Shilingi 2,700,000 ukigawa kwa kumi na nane kila choo kinabeba 150,000. Wewe 300,000, yeye 2,400,000. Hiyo ndiyo hesabu ya kuanzia mazungumzo.

Nimesema ya kuanzia, kwa sababu kuna kitu umekipitia haraka kwenye barua. Ule mwarobaini ni wa nani? Kama umeota uani kwako, jirani atauliza, na atakuwa na haki ya kuuliza. Mizizi hufuata unyevu. Inaingia kwenye kiungo kilichopasuka, inasuka nyuzi ndani ya bomba, na kila tishu na kila kitambaa kinanasa hapo. Ghorofa limeongeza mzigo, lakini mzigo umekuta bomba tayari lina kidonda, na kidonda kimetoka kwenye mti wako. Kwa hiyo usishangae mkikubaliana utoe laki sita. Mimi ningekuwa wewe, nisingevuka zile laki tisa ulizokwisha jipangia tangu mwanzo. Chochote chini ya hapo umepata nafuu. Na mti uondoke, au bomba jipya lipitishwe mbali nao, la sivyo mtachimba tena.

Kabla ya kulipa chochote, lakini, chunguza mvua. Umeandika kwamba mvua ikinyesha mfuniko unaelea. Sentensi hiyo ilinifanya nirudie barua mara ya pili. Majitaka ya chooni hayajui kama ni masika au kiangazi; watu wanaenda chooni sawasawa. Chemba inayofurika zaidi siku ya mvua mara nyingi imeunganishiwa maji ya mvua, na hilo haliruhusiwi kabisa kwenye mtandao wa majitaka. Piga hesabu uone. Paa na uwanja wa sakafu wa mita za mraba 300, ukinyeshewa milimita 50 kwa siku, unakusanya lita 15,000. Fleti nane zenye watu wanne wanne, kila mtu akitumia lita 100, ni lita 3,200 kwa siku nzima, tena zimegawanyika asubuhi hadi usiku. Mvua inakuja kwa mkupuo. Kama mabomba ya paa la ghorofa yameingizwa kwenye laini yenu, hata bomba la inchi sita litazidiwa, na zile milioni zenu zitakuwa zimezikwa bure.

Namna ya kujua ni rahisi. Siku ya jua, omba kwa ustaarabu mtu amwage ndoo kadhaa za maji yenye rangi kwenye mfereji wa paa la ghorofa, nawe usimame kwenye chemba yako. Rangi ikitokea, umepata jibu. Akikataa jaribio, mwite afisa afya wa kata alifanye yeye. Fanya jaribio hilohilo na kwako pia, maana nyumba nyingi za zamani uwanja wa kufulia umeelekezwa kwenye chemba na mvua inaingia humo humo. Usije ukaaibika mbele ya wageni.

Kuna jambo la ghorofa lenyewe. Jengo la fleti nane halisimami bila kibali cha ujenzi, na michoro inayoombewa kibali inatakiwa kuonesha majitaka yanakwenda wapi. Upanga iko ndani ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala kabla ya mwaka 2021. Nenda idara inayoshughulikia ujenzi, uulize mchoro wa kiwanja hicho ulionesha maungio gani. Kama ulionesha kwamba ghorofa lingejiunga na laini ya barabara ya upande wake, na yeye akaona ni nafuu kuchomeka kwenye laini ya zamani ya uani kwako, mazungumzo yenu yatabadilika sana. Na hata kama mchoro haukusema hivyo, ghorofa kuwa na maungio yake lenyewe ndiyo suluhisho ninaloliona bora kuliko yote. Likiwezekana, gharama yote ni yake, na wewe unabaki na laini ya nyumba mbili tu.

Ukishindwa huko ndipo mrudi kwenye bomba jipya la pamoja. Hapo msimamie fundi. Inchi sita ni sawa kwa mzigo huo, lakini upana hausaidii kama mteremko haupo. Kanuni ya mafundi wengi ni kwamba bomba la inchi nne lishuke sentimita mbili na nusu kwa kila mita, na la inchi sita kama sentimita moja na theluthi mbili. Kwa mita ishirini hiyo ni kama sentimita 33 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kabla hajachimba, muulize atazitoa wapi hizo sentimita, na apime kwa kamba na levo mbele yako. Bomba lilazwe juu ya mchanga uliosawazishwa, si juu ya mawe na vipande vya tofali. Hilo la zamani lilibonyea kwa sababu kama hizo. Kila kona iwe na chemba. Na asifukie kabla hamjapitisha maji mkayaona yanatoka upande wa pili.

Na tafadhali, asiingie mtu ndani ya chemba. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu vijana wa kuzibua huingizwa wakiwa na kaptula na ndoo, na wengine hawatoki. Hewa inayojikusanya mle ina sumu inayonuka kama mayai viza, lakini ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo mtu anadhani harufu imekwisha kumbe ndiyo imemkamata. Anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Kazi ifanywe kutoka juu, mifuniko ya chemba zote ikiwa wazi, na penye kina waachiwe wenye vifaa.

Makubaliano yenu yaandikwe. Hapa ndipo watu huona aibu, "ah, ni jirani", kisha ghorofa linauzwa na mwenye ghorofa mpya hajui lolote. Bomba la pamoja halina mwenyewe hadi litakapoandikwa. Karatasi ieleze laini inapita wapi, nani anatumia kipande gani, gharama zinagawanywaje, kwamba fundi ataruhusiwa kuingia kwa taarifa, kwamba maji ya mvua hayaingizwi, na kwamba hakuna anayeongeza vyoo bila kuwaambia wenzake. Wote watatu mtie saini, mama wa mbele akiwemo, kwa ajili ya kile kipande cha tatu ambacho siku moja kitaziba nacho. Mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Kisha mwone wakili mkaisajili haki hiyo kwa Msajili wa Hati ili imfuate kila atakayenunua. Kama fleti za ghorofa zimeuzwa mojamoja chini ya Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, anayetia saini si yule mjenzi, ni umoja wa wamiliki wa fleti, maana mabomba ya pamoja ni mali yao wote. Kama zinapangishwa tu, mwenye jengo ndiye mtu wako. Usipoteze muda na wapangaji.

Asipotaka kukaa mezani, anza na mtendaji wa mtaa na afisa afya, kwa sababu kufurika ni hatari ya kipindupindu na hakusubiri kesi. Mgogoro wa nani alipe upeleke Baraza la Kata. Ujue kwamba tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza hilo halihukumu mambo ya ardhi, linasuluhisha tu. Wakishindwa watakupa cheti uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Beba picha zenye tarehe, risiti za gari la kunyonya, na majibu ya maandishi kutoka mamlaka. Kauli ya "laki mbili za msaada" nayo iandike, tarehe na mahali.

Wasomaji wetu walioko ughaibuni huenda wanajiuliza kwao ikoje. Uingereza na Wales walichoka na ugomvi kama wenu, na tarehe 1 Oktoba 2011 mabomba ya majitaka yanayotumiwa na nyumba zaidi ya moja, yaliyokwisha kuunganishwa na mtandao wa umma, yalihamishiwa kwa kampuni za maji hata yakiwa ndani ya uwanja wa mtu. Miji mingi ya Marekani imekwenda kinyume kabisa: bomba ni la mwenye nyumba hadi linapogusa laini kubwa, hata kipande kilicho chini ya lami. Sisi hapa wengi wetu tunatumia mashimo na makaro, kwa hiyo swali halijatupata bado. Karo ni la mwenye kiwanja na limekwisha. Ila jinsi ghorofa zinavyopanda kwenye viwanja vya nyumba za zamani, barua kama yako zitaongezeka, na mimi binafsi ningependa tuchukue njia ya Uingereza.

Kuhusu mpangaji wako: mpunguzie. Anaishi na harufu ambayo hakuisababisha, na kodi yake ilikuwa ya chumba chenye ua unaotumika. Kubalianeni kiasi na muda, kwa mfano hadi bomba jipya lifukiwe, muandike nyuma ya mkataba. Ila siku fundi atakapofunua chemba, angalia kilichonasa kwenye mizizi. Kama ni nepi, na ghorofani hakuna mtoto mchanga ila chumba cha uani yupo, hilo nalo mtalizungumza.